Maikrosimenti haiwezi kuficha jamvi bovu

MSIMU wa kuuza mpunga unapokwisha, fedha ya mkulima huwa na safari zake. Kuna deni la mbolea, kuna ada ya shule, na kinachobaki ndicho kinachokwenda kwenye nyumba. Nyumba yenyewe haimaliziki kwa mwaka mmoja. Mwaka huu ni msingi, mwaka kesho tofali, mwaka unaofuata bati. Sakafu husubiri mwisho, na familia nyingi huhamia huku chini kukiwa bado ni zege tupu linalotoa vumbi kila likifagiliwa.

Ni katika hali hiyo mwenye nyumba huonyeshwa picha kwenye simu ya fundi. Anaona sebule yenye sakafu ya kijivu, laini, isiyo na ungio hata moja, inayong'aa mpaka kivuli cha meza kinaonekana ndani yake. Anaambiwa hiyo inaitwa maikrosimenti, kwamba marumaru zimepitwa na wakati, na kwamba hata kama sakafu yake ina nyufa hakuna shida, kwa sababu vitu vyote vitafunikwa.

Hilo la mwisho ndilo linalowatia watu hasara.

Maikrosimenti yenyewe si utapeli. Ni saruji iliyochanganywa na unga laini sana wa mawe, rangi, na gundi ya plastiki inayoifanya ishike mahali ambapo saruji ya kawaida ingebanduka. Hupakwa kwa mwiko, tabaka juu ya tabaka, aghalabu juu ya wavu mwembamba wa nyuzi za kioo, kisha hufunikwa kwa vanishi maalumu. Kazi yote ikikamilika, unene wake ni milimita 2 hadi 3 tu. Inashika juu ya zege, juu ya plasta na hata juu ya marumaru za zamani bila kuzivunja.

Lakini milimita 3 ni unene wa sarafu mbili zilizopandana. Kitu chembamba namna hiyo hakina nguvu yake chenyewe. Kinaishi kwa nguvu ya kilicho chini yake. Jamvi likipasuka, nacho kitapasuka palepale, kwa mstari uleule. Jamvi likiwa na maji, vanishi itavimba na kubanduka kama ngozi iliyoungua. Ikumbukwe pia kuwa kinachozuia maji bafuni ni hiyo vanishi. Saruji iliyo chini yake hunywa maji kama saruji nyingine yoyote, na vanishi ikichakaa isipopakwa upya, maji yatapita.

Sasa swali la kujiuliza ni hili: majamvi ya nyumba nyingi yakoje? Kila aliyejenga kidogo kidogo anajua. Kifusi kilimwagwa ndani ya msingi kikashindiliwa kwa miguu ya vibarua. Nailoni ya kuzuia unyevu wa ardhini haikutandikwa, kwa kuwa ilionekana ni gharama isiyo na maana, kitu ambacho hakuna mgeni atakayekiona. Zege likaongezwa maji ili lisambae kwa urahisi. Kesho yake fundi akaondoka, na hakuna aliyelimwagilia. Zege la namna hiyo huwa dhaifu juu na huendelea kufyonza unyevu kutoka chini kila masika.

Kujua kama sakafu ina unyevu hakuhitaji mtaalamu. Chukua kipande cha nailoni angavu, nusu mita kwa nusu mita, ukibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne bila kuacha upenyo, ukiache tangu jioni hadi kesho yake mchana. Ukikuta matone upande wa ndani, au sakafu imekuwa nyeusi, maji yanapanda kutoka ardhini. Halafu chukua nyundo ndogo ugonge sakafu taratibu. Panapotoa mlio wa kitu kitupu, tabaka la juu limeachana na la chini, na hapo panabomolewa kwanza. Fundi anayekataa majaribio haya mawili kabla ya kutaja bei hafai kupewa kazi.

Kwa mkulima kuna sababu nyingine ya kujali, isiyohusu mapambo. Unyevu unaobandua vanishi sebuleni ndio huohuo unaopanda kwenye magunia ya mahindi yaliyolazwa moja kwa moja juu ya sakafu ya stoo. Mahindi yenye unyevu huota ukungu, na sumukuvu si hadithi. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Anayeweka fedha yake kwenye jamvi kavu anapata sebule na ghala kwa pamoja. Chaga za mbao chini ya magunia zinahitajika hata hivyo.

Tuje kwenye hesabu. Chumba cha mita 3 kwa mita 4, kikisawazishwa kwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga nne, unene wa sentimita 3, kinakula takriban mifuko mitatu ya saruji ya kilo 50. Juu yake inapigwa niru, yaani saruji tupu iliyokorogwa ikawa uji mzito, ikalainishwa kwa mwiko wa chuma. Anayetaka rangi anaongeza ule unga mwekundu ambao sakafu za nyumba nyingi za zamani zilipigwa nao na mpaka leo zinapigwa polishi na kung'aa. Vifaa vyote hivyo vinapatikana katika duka la kawaida la vifaa vya ujenzi. Maikrosimenti halisi, pamoja na wavu na vanishi yake, kwa kawaida huagizwa nje, na hata baada ya kuilipia mwenye nyumba atahitaji bado hiyo sakafu ya mifuko mitatu chini yake.

Niru nayo ina lawama zake, na nyingi ni za haki. Hupasuka nyufa ndogondogo kama utando wa buibui na hubanduka vipande. Lakini sababu zinajulikana. Inapigwa ikiwa nene mno, au inapigwa siku nyingi baada ya sakafu ya chini kukauka, au fundi anamwaga saruji kavu juu ya sakafu inayotoa maji ili aikaushe haraka awahi kwingine. Kisha chumba kinaachwa wazi kwa jua na upepo. Niru nyembamba, iliyopigwa kabla sakafu ya chini haijakauka, ikafunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa na kumwagiliwa kwa siku 7, hudumu miaka mingi. Gharama ya hayo magunia na maji ni ndogo mno kuitaja.

Hapo ndipo penye ujanja mwingine unaowaumiza wateja. Wapo wanaopiga niru ileile ya siku zote, wakatia rangi ya kijivu na kupaka vanishi ya mbao juu, kisha wakatoza bei ya maikrosimenti. Mteja hana namna ya kuitambua kwa macho siku ya kukabidhiwa. Atakachoweza kufanya ni kudai kuona ndoo na mifuko ikiwa haijafunguliwa, na kusoma tarehe ya mwisho ya matumizi.

Wala hamu ya sakafu laini isiyo na maungio si ngeni kutoka Ulaya. Mafundi wa pwani, Unguja hadi Lamu, walilainisha kuta na sakafu kwa chokaa ya matumbawe karne nyingi kabla saruji ya kiwandani haijafika.

Ipo mahali ambapo maikrosimenti inastahili bei yake. Mwenye nyumba ya kulala wageni mjini, ambaye marumaru zake zimeshika vizuri lakini zimechakaa sura, anaweza kuzifunika bila kubomoa, bila kubeba kifusi na bila kukata milango, na kupandisha bei ya chumba. Huyo hesabu yake inakubali. Lakini mwenye duka la nafaka anayeburuta magunia na kreti kutwa nzima ataichubua vanishi upesi. Jikoni nako ndimu na siki vikiachwa vinaacha madoa, na dawa kali za kung'arisha nguo huila vanishi. Inatakiwa sabuni laini tu. Marumaru, ambazo sasa zinatengenezwa Mkuranga na Chalinze, zinavumilia mengi zaidi ya hayo, na moja ikivunjika inabadilishwa peke yake.

Kwa anayeamua kuendelea, jamvi jipya lisiguswe kabla ya siku 28, na wakati wa masika lisubiri zaidi. Makubaliano yaandikwe: idadi ya tabaka, jina la bidhaa, nani atalipa sakafu ikibanduka. Aombe kuonyeshwa sakafu ambayo fundi huyo aliipiga masika mawili yaliyopita, nyumbani kwa mtu, siyo kwenye simu. Na sehemu ya malipo, walau robo, ibaki mkononi mwa mwenye nyumba mpaka mwezi mmoja upite baada ya kazi, kwa sababu sakafu mbaya haichelewi sana kujionyesha.