JIT au mkalimani? Pima kwenye mashine yako kwanza

Wasomaji wangu, leo nina neno na wale wanaopenda grafu za kasi.

Mnazijua grafu hizo. Lugha moja ina mstari mrefu, nyingine mfupi, na chini yake watu wanatupiana maneno. Kisha kijana anayejifunza kuandika programu hapa Soweto West, Kibera, anaiona grafu, na Jumamosi inayofuata anatuambia kwamba Python ni konokono, tuitupe, tuanze upya na lugha nyingine. Kazi ya miezi mitatu itupwe kwa sababu ya picha! Mimi nasema hapana, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na maana. Kompyuta haielewi Python wala Java. Inaelewa lugha ya mashine tu, kwa hiyo lazima pawe na wa kutafsiri katikati. Mfikirie mhubiri mgeni kanisani anayehubiri kwa Kiingereza, na mkalimani amesimama kando yake. Mkalimani anasikiliza sentensi, anaitoa kwa Kiswahili, anangoja inayofuata. Sentensi ikirudiwa mara mia, ataitafsiri mara mia. Hiyo ndiyo intapreta. Python ya kawaida hugeuza programu kuwa baitikodi, kisha mkalimani wake huipitia baitikodi hiyo hatua kwa hatua.

Sasa mpe mkalimani kalamu na karatasi. Akiona sentensi fulani inarudi rudi, anaiandika kwa Kiswahili, na ikija tena anaisoma moja kwa moja. Hiyo ndiyo JIT: kutafsiri kwenda lugha ya mashine huku programu ikiendelea kukimbia. Java ina HotSpot tangu 1999. Watumiaji wa Python wana PyPy, na Python ya kawaida yenyewe iliongezewa JIT ya majaribio katika toleo la 3.13, Oktoba 2024.

Ni jambo zuri, lakini kalamu ina gharama. Kuandika kunachukua muda, na karatasi zinajaza meza. Ni kama matatu. Ukitoka Soweto West kwenda Olympic unatembea tu. Ukienda mjini unapanda matatu, na unakubali kungoja ijae. Ikishajaa na kuondoka, hakuna mwenye miguu atakayeishinda. Lakini ukiingoja nusu saa kwa safari ya dakika kumi, lawama ni zako.

Kwa hiyo pale kikundini tulipima kazi mbili, kwenye laptopu ya mtumba yenye memori ya GB 2.

Kazi ya kwanza ni programu yetu ya chama. Inasoma jumbe za M-Pesa, inajumlisha michango ya kila mwanachama na kumtolea mweka hazina orodha. Inatumika mara moja kwa wiki, na ikianza haichukui muda inaisha. Hapa Python ya kawaida ilimaliza mapema, na PyPy ikala memori zaidi. Si ajabu: kazi iliisha kabla mkalimani hajapata sentensi ya kurudia.

Kazi ya pili ni ramani. Mwaka 2009 vijana wa Map Kibera walianza kuichora Kibera kwenye OpenStreetMap, na data hiyo iko wazi kwa yeyote. Tulichukua pointi zake tukahesabu umbali kutoka kila pointi hadi kila pointi nyingine, mizunguko ndani ya mizunguko. Hapa PyPy iliiacha Python ya kawaida mbali sana, hata kijana wetu wa konokono akapiga makofi.

Sitaji sekunde zetu kwa makusudi, kwa sababu mashine yako si yetu na kazi yako si yetu. Ninachotaka uone ni kwamba laptopu ilikuwa moja, lugha moja, na mshindi akabadilika kulingana na kazi.

Wenye kutengeneza lugha wanalijua hili. PHP 8.0 ilipotoka Novemba 2020 ikiwa na JIT, watengenezaji wake waliandika wazi: katika majaribio ya kubuni kasi ni takriban mara 3, katika baadhi ya programu zinazokimbia kwa muda mrefu ni mara 1.5 hadi 2, na kwa programu za kawaida ni sawa tu na PHP 7.4. Grafu inayosambazwa huwa ni ipi? Ile ya mara 3, bila shaka.

Tena grafu nyingi hutupa raundi za mwanzo, eti programu bado "inapata joto". Mwaka 2017 Edd Barrett, Laurence Tratt na wenzao walichapisha utafiti uliochunguza dhana hiyo. Waliendesha programu ndogo za kupimia kasi kwenye mashine tepe mbalimbali, raundi nyingi mno, na chini ya nusu ya jozi walizopima ndizo zilizofikia kasi ya juu na kutulia hapo kila mara. Nyingine hazikutulia, na nyingine zilizidi kuwa polepole. Basi hiyo "kasi kamili" kwenye grafu wakati mwingine haipo.

Na simu je? Huko ndiko jambo hili linatugusa sana. Android ilipata JIT katika toleo la 2.2, mwaka 2010, toleo lile lile lililokuja na Huawei IDEOS iliyouzwa Kenya mwaka 2011 kwa takriban shilingi 8,000. Toleo la 5.0, mwaka 2014, likaamua kutafsiri programu nzima wakati wa kuisakinisha, na nafasi ya simu ikaliwa. Mwaka 2016, toleo la 7.0 likarudisha mkalimani na JIT, na kazi nzito ya kutafsiri ikaachiwa wakati simu imetulia na iko kwenye chaji. Sasa mfikirie mtu anayeizima simu yake kila inapochajiwa. Nafasi hiyo haipati.

Kivinjari cha Chrome nacho kilipita njia hiyo hiyo. Injini yake ya JavaScript, V8, ilianza mwaka 2008 bila mkalimani kabisa. Mwaka 2016 ikaletewa mkalimani aitwaye Ignition, na simu zilizotangulia kumpata ni za Android zenye memori ya MB 512 au chini. Sababu ilikuwa memori: baitikodi yake huchukua kati ya robo na nusu ya nafasi ya msimbo wa mashine uliokuwa ukitolewa. Google, pamoja na wahandisi wake wote, walirudi kwa mkalimani kwa ajili ya simu za bei nafuu. Halafu wewe wa Kibera unamwonea aibu?

Sisemi JIT ni mbaya. Seva inayokimbia mwezi mzima iwashiwe. Nasema swali la kwanza ni kasi ya nani, kwenye mashine ya nani. Mambo matatu basi:

1. Pima programu yako mwenyewe. Kwenye Linux andika time python3 chama.py, kisha time pypy3 chama.py.
2. Andika raundi ya kwanza peke yake, kwa sababu mtumiaji wako huenda ana hiyo moja tu.
3. Andika memori iliyotumika, na upimie kwenye mashine mbovu kuliko zote mlizo nazo.

Programu ya chama inabaki Python, na mweka hazina hajalalamika. Ya ramani tunaiendesha kwa PyPy. Ukipima zako, tuambie matokeo, ila usisahau kutaja mashine.