Ada ya Bima Inapofuata Mkondo wa Mto

Bima ya mali na dhima, yaani ile inayolinda majengo, bidhaa na vyombo vya usafiri pamoja na wajibu wa kisheria wa kumfidia mtu aliyedhuriwa na mwenye bima, imejengwa juu ya dhana kwamba hasara za miaka iliyopita zinatosha kukadiria hasara za mwaka ujao. Watakwimu bima, ambao kazi yao ni kukokotoa ada anayopaswa kulipa kila mteja, huhesabu ni mara ngapi moto, wizi au mafuriko yametokea, yamegharimu kiasi gani, na ni wangapi waliochangia mfuko mmoja, kisha hugawanya mzigo. Hesabu hiyo hufanya kazi vizuri pale dunia inapojirudia. Inapoacha kujirudia, mfuko hukusanya fedha za hatari ya jana na kulipa madai ya hatari ya leo, na pengo lililo kati ya hizo mbili lazima lijazwe na mtu fulani. Swali la nani alijaze limekuwa la kisiasa kuliko la kihesabu.

Kampuni ya Swiss Re, mojawapo ya kampuni kubwa za bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni za bima zenyewe hukata ili zisielemewe na janga moja kubwa, ilikadiria kwamba majanga ya asili ya mwaka 2024 yalizigharimu kampuni za bima duniani dola za Marekani bilioni 137, na kwamba huo ulikuwa mwaka wa tano mfululizo hasara hiyo kuvuka bilioni 100. Ngurumo zenye mvua ya mawe, mafuriko ya ghafla na moto wa nyika, ambavyo kwa miongo mingi viliwekwa katika daraja la pili nyuma ya vimbunga vikubwa na matetemeko ya ardhi, sasa vinachukua sehemu kubwa ya fidia mwaka baada ya mwaka. Ongezeko la joto ni sababu mojawapo, lakini si haki kulitwisha lawama yote, kwa kuwa watu wamejenga zaidi mabondeni na pembezoni mwa misitu, na gharama ya saruji, nondo na mafundi imepanda, kiasi kwamba nyumba ileile ikiungua leo hugharimu zaidi kuijenga upya.

Hakuna mahali panapoonyesha mvutano huu waziwazi kama jimbo la California nchini Marekani. Mwezi Novemba 1988 wapiga kura wa jimbo hilo walipitisha pendekezo la sheria namba 103, lililoagiza kwamba kampuni ya bima isipandishe ada bila idhini ya kamishna wa bima, ambaye naye achaguliwe na wananchi. Lengo lilikuwa la heshima, kwa sababu familia nyingi zilikuwa zimechoshwa na bei zilizopandishwa bila maelezo. Hata hivyo, kanuni zilizofuata ziliitaka kampuni ikadirie hasara za moto wa nyika kwa wastani wa miaka iliyopita, na hazikuiruhusu kutumia modeli za kompyuta zinazotazama mbele, wala kuingiza katika ada gharama iliyolipa kwa bima mtawanyo. Kwa hiyo nyumba iliyozungukwa na vichaka vikavu iliendelea kulipiwa kana kwamba hali ya hewa ya miaka ya 1990 bado ipo.

Novemba 2018 moto uliteketeza mji wa Paradise, ukaua watu 85 na kuharibu majengo zaidi ya 18,000. Mei 2023 State Farm, kampuni kubwa kuliko zote katika bima ya nyumba jimboni humo, iliacha kupokea wateja wapya wa bima hiyo, na Machi 2024 ikatangaza kwamba haitahuisha mikataba ipatayo 72,000. Walioachwa walikimbilia FAIR Plan, mpango ulioanzishwa mwaka 1968 ili kuwapokea wale wasiopata bima kwingine, ambao ulinzi wake ni finyu. Moto wa Palisades na Eaton ulipozuka Januari 2025 na kuangamiza majengo zaidi ya 16,000 katika eneo la Los Angeles, mpango huo ulilazimika kuzitoza kampuni za bima ambazo ni wanachama wake dola bilioni 1, na sehemu ya fedha hizo ikaruhusiwa kurudishwa kwa kuwatoza wateja wa jimbo zima. Mwenye nyumba ya kupanga mjini, mbali na msitu wowote, akajikuta analipia mlima asioujua. Hapo ndipo udhaifu wa kuzuia bei unapodhihirika, kwa kuwa gharama ya hatari iliendelea kukua muda wote ambao haikuonekana katika ada, na ilipojitokeza ilimwangukia mtu ambaye hakushiriki uamuzi wa kujenga pale.

Desemba 2024 jimbo lilibadili kanuni zake na kuruhusu modeli pamoja na gharama za bima mtawanyo, kwa sharti kwamba kampuni zinazonufaika ziongeze huduma katika maeneo yenye hatari kubwa. Mei 2025 State Farm ilikubaliwa kupandisha ada ya nyumba kwa asilimia 17 kwa dharura. Ni vigumu kuifurahia hatua hiyo, hasa kwa mstaafu mwenye kipato kisichobadilika, lakini ni vigumu zaidi kuona jinsi ambavyo ingeepukwa baada ya miongo mitatu ya kuahirisha.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asidhani habari hizi ni za mbali. Kampuni za Afrika Mashariki hutawanya hatari zao kubwa kupitia taasisi kama Tan-Re, Kenya Re na ZEP-RE, ambazo nazo hununua ulinzi katika soko la dunia. Na baada ya Kimbunga Ian kuipiga Florida Septemba 2022, mikataba ya bima mtawanyo iliyohuishwa Januari 2023 ilipanda bei kwa kiwango kikubwa. Mtaji unaowalipa waathirika wa Florida ndio huohuo unaosimama nyuma ya bohari la Kurasini jijini Dar es Salaam. Tofauti iliyopo ni kwamba katika ukanda huu hatari hufichwa na mazoea, bila hata kuhitaji kanuni ya kuzuia modeli. Nchini Tanzania gari dogo la binafsi hulipiwa bima ndogo, ile inayomlinda mtu wa tatu pekee, kwa Sh 118,000 pamoja na kodi, iwe dereva hajawahi kukwaruza mtu au amegonga mara tatu. Bima ya moto ya majengo nayo mara nyingi hutozwa kwa asilimia ya thamani ya jengo, mafuriko yakiongezwa kama nyongeza tu ya mkataba, na ushindani kati ya kampuni hufanyika zaidi kwa kushusha bei kuliko kwa kupima hatari. Kampuni kadhaa zilizokuwa zikikatia bima magari ya abiria nchini Kenya zimefilisika kwa njia hiyo, zikiwaacha majeruhi na hukumu za mahakama mikononi bila wa kuwalipa, na ukomo wa shilingi milioni 3 ambao sheria ya Kenya imeuweka kwa dai la mtu mmoja haukutosha kuziokoa.

Vurugu za kisiasa zinastahili kutajwa japo kwa ufupi, kwa kuwa ni hatari ambayo mkataba wa kawaida wa moto huiweka kando, na baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 wafanyabiashara wengi wa Kenya waligundua hilo maduka yao yalipokwisha kuwa majivu. Afrika Kusini ina Sasria, shirika la umma lililoundwa mwaka 1979 kwa ajili ya hatari hiyo, na ghasia za Julai 2021 ziliiletea madai yaliyofikia takriban randi bilioni 32, hata serikali ikalazimika kuliongezea mtaji wa takriban randi bilioni 22. Shirika liliyumba, lakini lililipa. Nchi za Afrika Mashariki zingefanya vyema kulitafakari jambo hilo kabla ya msimu mwingine wa uchaguzi.

Suala la mafuriko ndilo zito zaidi, kwani linagusa makazi. Mvua za El Niño zilizoendelea hadi Aprili 2024 ziliua watu 155 nchini Tanzania kwa takwimu alizozitoa bungeni Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, na kuathiri wengine zaidi ya 200,000, ambao wengi wao hawakuwa na bima yoyote ya nyumba. Katika Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, ambako karakana ya mabasi yaendayo haraka ya Jangwani imezama mara kwa mara, ramani ya hatari inajulikana kwa kila mkazi hata kama haijawahi kuingia katika kompyuta ya kampuni ya bima. Siku itakapoingia, na dalili zinaonyesha kwamba itaingia kwa sababu wenye bima mtawanyo wataidai, ada ya duka la bondeni itapanda mara kadhaa au mkataba utakataliwa kabisa. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 imekwisha kuyafanya masoko ya umma na majengo ya biashara kuwa miongoni mwa mali zinazopaswa kukatiwa bima kwa lazima. Serikali inayomlazimisha mtu kununua kitu ina wajibu wa kuhakikisha kwamba kitu hicho kinapatikana kwa bei inayolipika, na wajibu huo hautimizwi kwa kuficha hatari.

Njia iliyo bora ni kuiacha ada iseme kweli, huku fedha za umma zikiipunguza hatari yenyewe. Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, unakusudia kutanua mkondo wa mto, kujenga daraja la juu zaidi na kuwahamisha wakazi kwa fidia, na kazi ya aina hiyo huondoa hasara ambayo ada yoyote ingeishia kuigawanya tu. Lakini nafuu hiyo isiposhuka hadi kwenye mkataba wa mteja, itabaki kuwa faida ya kampuni. California iliweka kanuni mwaka 2022 inayozilazimu kampuni kumpunguzia ada mwenye nyumba aliyefyeka vichaka na kuezeka kwa vifaa visivyoshika moto. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania ingeweza kuweka kanuni kama hiyo kwa maji: ramani ya mafuriko inayotumiwa na kampuni iwe wazi kwa kila mteja, na mwenye duka wa Jangwani au Kigogo aliyeinua msingi wa jengo, akajenga kizingiti mlangoni na kuhamishia shehena yake kwenye rafu za juu, aikute juhudi hiyo imeandikwa katika ada yake ya mwaka unaofuata.