Kipimo cha mkononi kiwafikie wazalishaji wa mbegu za mihogo

PROFESA Chris Toumazou wa Chuo cha Imperial, London, aliacha shule akiwa na miaka 16. Alipofika 33 alikuwa tayari profesa katika chuo hicho. Jina lake limetokana na saketi ndogo sana zinazotumia umeme kidogo kupindukia. Kazi hiyo imemfikisha kwenye vifaa vya kumsaidia kiziwi kusikia na plasta ya kifuani inayopima mapigo ya moyo bila waya.

Mwaka 2014 alipewa Tuzo ya Mvumbuzi wa Ulaya kwa kipimo cha vinasaba chenye umbo la flashi ya kompyuta. Vinasaba vinapojijenga hutoa asidi kidogo, na chipu huitambua papo hapo.

Mkulima atauliza, hayo yanamhusu nini? Yanamhusu, hasa wa mihogo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia haujitangazi. Majani huweza kuonekana mazuri kumbe mizizi imeoza, na mwenye shamba hugundua siku ya kuvuna, wakati pingili za mbegu ameshawagawia majirani. Muuza mbegu naye, hata akiwa mwaminifu, huuza asichokijua.

Mwaka 2018 wanasayansi walipeleka kwenye shamba moja nchini Kenya kipimo kingine cha vinasaba, cha kushikwa mkononi, kinachofanya kazi kwa njia tofauti na ya Toumazou. Majibu yalipatikana palepale, kwa umeme wa betri, katika muda usiofikia saa nne. Kabla ya hapo sampuli zilipelekwa nje ya nchi na majibu kungojwa kwa miezi. Mihogo haingoji.

Hapa ndipo umeme mdogo unapogeuka kuwa jambo kubwa, maana mashamba mengi yako mbali na nguzo.

Si busara kumuuzia kifaa kila mwenye ekari moja; atakipeleka wapi? Kianzie kwa wazalishaji wa pingili. Kwa Tanzania, hao hukaguliwa na TOSCI, na macho ya mkaguzi peke yake hayatoshi kwa ugonjwa unaojificha. Gharama ya kila kipimo itajwe wazi kabla ya mikataba kusainiwa, kwani mwisho wa yote itaingia kwenye bei ya mzigo wa mbegu. Dawa za maabara zinazohitaji jokofu nazo zipangiwe usafiri wa kufika Mtwara na Kigoma kabla ya mvua za kupandia.