TUPIME KWANZA, TUBOMOE BAADAYE

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Naomba radhi kwa wahenga wetu, kwani leo nina jambo ambalo hata mwenye macho lazima aambiwe. Akodoe macho kutwa kucha, hataliona. Nazungumzia nyuzi za asbesto zilizomo katika paa zilizo juu ya vichwa vyetu.

Mpenzi msomaji, asbesto si kitu cha kiwandani kama plastiki. Ni madini yachimbwayo ardhini, nayo yana ajabu yake: ukiyaponda hayawi unga kama mawe mengine, bali huchambuka yakawa nyuzi. Jina lenyewe lina asili ya Kigiriki na maana yake ni kitu kisichozimika. Nyuzi hizo haziungui, haziozi na zilikuwa za bei nafuu. Basi wenye viwanda wakazichanganya na saruji, wakatengeneza yale mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi, mabomba ya maji, mbao za dari na vinginevyo. Hapa Kenya shule, hospitali na nyumba nyingi za serikali ziliezekwa kwa mabati hayo. Na kusema kweli yalikuwa na sifa zake. Mvua ikinyesha hayapigi kelele za kumzuia mwalimu kufundisha, na jua likiwaka hayaokoi watu kama mikate. Nani angeyakataa wakati huo?

Lakini kizuri hakikosi ila. Bati la asbesto likikatwa kwa msumeno, likitobolewa kwa keekee, likivunjwa kwa nyundo au likisuguliwa kwa brashi kavu, hutoa nyuzi nyembamba mara nyingi sana kuliko unywele. Nyuzi hizo huelea hewani. Mtu akizivuta huingia ndani kabisa ya mapafu na nyingine hazitoki tena. Zinaweza kuleta ugonjwa wa mapafu kukakamaa uitwao asbestosisi, saratani ya mapafu, na saratani nyingine kali ya utando unaozunguka mapafu iitwayo mesotelioma. Mvutaji sigara aliyevuta nyuzi hizi hatari yake ya saratani ya mapafu huzidi maradufu. Baya zaidi ni kwamba maradhi haya hayana haraka. Yanaweza kukaa kimya miaka 20, 30 au hata 40 kabla ya kujitokeza. Mwanafunzi anayepumua vumbi hilo akiwa na miaka 16 anaweza kuja kuugua akiwa na wajukuu, na hapo nani atakumbuka paa la bweni?

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka wa 1924 huko Rochdale, Uingereza, alifariki mama mmoja aliyeitwa Nellie Kershaw, msokotaji wa nyuzi za asbesto, akiwa na miaka 33 tu. Daktari aliyepima mapafu yake alikuta chembe za asbesto humo. Mwaka wa 1931 Waingereza wakatunga kanuni za kupunguza vumbi viwandani, lakini hawakuipiga marufuku asbesto ya kila aina hadi 1999. Hesabu mwenyewe, ni miaka 75! Huko Afrika Kusini nako, mwaka wa 1960, Daktari Wagner na wenzake waliandika juu ya wagonjwa 33 wa mesotelioma kutoka eneo la migodi ya Cape. Baadhi yao hawakuwahi kushika sururu ya mgodini. Waliishi tu karibu na migodi, wengine wakiwa watoto. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 200,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya asbesto waliyokutana nayo kazini.

Kenya nayo haikulala. Asbesto imepigwa marufuku tangu 2006, na kanuni za taka za mwaka huo zikaitia katika orodha ya taka hatari. Baadaye, mwaka wa 2011, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA, ikatoa miongozo ya jinsi ya kuishughulikia na kuitupa. Lakini marufuku hayang'oi paa lililokwisha kuezekwa. Paa zipo bado, nasi tumo chini yake.

Sasa nije nyumbani. Wenzangu, hapa shuleni tuna bweni kongwe, maabara ya zamani na ghala la vyakula, vyote vikiwa na paa za kijivu zilizoota kuvu na kupasuka pembeni. Tulitangaziwa gwarideni kuwa likizo ijayo paa hizo zitang'olewa na kuezekwa mabati mapya. Bwenini watu walishangilia, na wana haki. Nani apendaye kuhamisha godoro usiku wa manane kwa sababu ya mvua? Hata hivyo, hakuna aliyetuambia kama paa hizo zimepimwa. Tulichosikia ni kwamba fundi atapatikana kwa bei nzuri, na kwamba wanafunzi watakaobaki watasaidia kubeba vipande.

Hapo ndipo ninapopinga. Kauli yangu ni hii: lisiguswe hata bati moja kabla majengo hayajakaguliwa na kupimwa na watu waliofunzwa kazi hiyo.

Kwani kupima ni nini? Wengi hudhani ni kuangalia tu na kusema, "Ah, hii ni asbesto." Sivyo. Siku hizi kuna mabati ya saruji yenye nyuzi nyingine zisizo asbesto, nayo yanafanana na yale ya kale kama shilingi kwa ya pili. Rangi haisemi, harufu haisemi, na ukiligonga bati halikujibu. Mkaguzi huanza na karatasi: jengo lilijengwa mwaka gani, likakarabatiwa lini, na ramani yake iko wapi. Kisha hupita chumba kwa chumba, akitazama paa, dari, mifereji, mabomba na hata vigae vya sakafu. Kila anachokishuku hukihesabu kuwa asbesto mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Baada ya hapo huchukua sampuli. Huvaa barakoa maalumu ya kuzuia vumbi laini, si kile kitambaa tulichovaa wakati wa korona. Hulowesha mahali hapo kwa maji yenye sabuni kidogo ili vumbi lisiruke, hukata kipande kidogo, hukitia katika mifuko miwili iliyofungwa vizuri na kuandikwa, kisha huziba pale alipokata. Sampuli moja haitoshi jengo zima, maana bati la mwaka wa 1970 laweza kuwa ubavuni mwa bati lililowekwa juzi. Maabarani wataalamu hutazama kila kipande kwa hadubini yenye mwanga maalumu unaowawezesha kutambua aina ya nyuzi. Hewa pia hupimwa, kwa pampu inayovuta hewa kupitia kichujio kisha nyuzi zikahesabiwa. Lakini hewa ya leo si hewa ya kesho fundi akianza kugonga, kwa hiyo kupima hewa pekee hakutoshi.

Majibu yakija, si lazima kila kitu king'olewe! Hili nalisisitiza kwa sababu uvumi umeenea kwamba kulala chini ya paa la asbesto ni kama kulala na nyoka. La hasha. Bati zima lisilopasuka hushika nyuzi zake ndani ya saruji, na hatari yake ni ndogo. Mkaguzi huangalia ni kifaa cha aina gani, kimeharibika kiasi gani, kimepakwa rangi au la, na kina asbesto ya aina gani. Ndipo aseme: hili liacheni na mlichunguze mara kwa mara, lile lipakeni rangi ya kulifunika, na lile jingine ling'olewe na wenye leseni. Basi mtu aking'oa bila kupima anaweza kuigeuza hatari ndogo kuwa kubwa kwa mikono yake mwenyewe.

Najua watakaonipinga hawatakosa. Wa kwanza watasema, "Mbona waliotutangulia walilala humo na hawakufa?" Ndugu zangu, nimekwisha kueleza kuwa maradhi haya huchukua miongo kadhaa, na hatuna daftari la kutuambia nani aliugua nini baada ya kuondoka hapa. Isitoshe, wao walilala chini ya paa jipya, sisi tunalala chini ya paa lililochakaa.

Wa pili watasema shule haina pesa. Hoja hii ina uzito, kwa sababu karo yenyewe wazazi wanalipa kwa taabu. Lakini upimaji ni kazi ndogo ukilinganisha na kuezeka bweni zima. Tena vumbi likishatapakaa uwanjani, bwenini na katika ghala la unga, nani atalipa kulisafisha? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kama majibu yataonyesha kuwa paa la maabara halina asbesto, shule itakuwa imeokoa gharama za kutafuta wataalamu wa kuling'oa.

Wa tatu watasema tunataka makuu ya Ulaya. Hebu tazama Marekani. Tangu sheria yao ya 1986, shule za umma zinatakiwa kukaguliwa kama zina asbesto. Zile zilizo nayo hukaguliwa upya kila miaka 3, hutazamwa kila miezi 6, na wazazi na walimu hujulishwa kila mwaka palipo na mpango wa kuishughulikia. Mapafu ya mtoto wa Marekani yana tofauti gani na yetu? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Haikusema "isipokuwa wanafunzi wa bweni."

Kwa hivyo naleta maombi yangu kwa heshima na taadhima. Kwanza, halmashauri ya shule iwaandikie NEMA na afisa wa afya wa kaunti kabla ya kumwita fundi. Pili, pawe na daftari moja ofisini lenye orodha ya kila jengo, mwaka wake na majibu ya vipimo, na fundi yeyote alisome kabla ya kupanda ngazi. Tatu, adhabu ya kusugua paa na kuzoa vipande vilivyovunjika ikome leo, si kesho. Haya mawili ya mwisho hayahitaji hata shilingi moja.

Nasi wanafunzi tuna letu. Tusivunje vipande vya mabati hayo kwa mchezo, tusivitumie kuchorea chini wala kuvitandika njiani kwenda bafuni. Ukiona kimevunjika, usikifagie. Mwambie mwalimu wa zamu. Wala mtu asijifanye mkaguzi akapanda juu kukata sampuli eti amesoma makala yangu!

Walimu wetu hutufundisha maabarani kwamba tusiseme kitu kimo ndani ya chupa mpaka tumekipima. Tunaiomba shule ifuate somo hilo hilo kwa paa zake. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa asbestosisi hata tiba ya kuiponya haipo.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu