Subira ya Kusoma Daftari la Kodi

Vyuo vikuu vyetu vimezoea kumpima mwanahistoria kwa idadi ya makala anazochapisha kila mwaka. Toleo hili, lililotengwa kwa historia ya miji, linakikataa kipimo hicho. Tunachodai ni kwamba mji wa kale hauwi bayana mpaka mtu amekaa na nyaraka zake muda mrefu, na kwamba muda huo ndio unaopaswa kuhesabiwa kuwa kazi. Ushahidi wetu ni David Herlihy, mwanahistoria Mmarekani aliyezaliwa San Francisco mwaka 1930, akasomea shahada ya uzamivu Yale, kisha akafundisha Bryn Mawr, Wisconsin, Harvard na hatimaye Brown, alikokuwa hadi alipofariki mwaka 1991. Alihama chuo mara kadhaa, lakini Toscana, eneo la Italia zilipo Pisa, Pistoia na Firenze, hakuiacha. Kitabu chake cha Pisa kilitoka 1958, cha Pistoia 1967. Kwa mizani ya leo angeambiwa amejifungia katika vimiji viwili vya Italia, abadilishe mada.

Bahati nzuri hakubadilisha. Katikati ya miaka ya 1960 alishirikiana na Mfaransa Christiane Klapisch-Zuber kuichambua katasto, yaani orodha ya kodi ambayo serikali ya Firenze iliianzisha mwaka 1427, hazina yake ikiwa imekaushwa na vita dhidi ya Milano. Kila mkuu wa kaya alitakiwa kutaja mashamba, biashara, madeni na watu wote anaowalisha. Nyumba aliyokaa haikutozwa, na kila mdomo wa kulishwa ulimpunguzia florini 200 katika mali inayohesabiwa. Katika eneo lote la Toscana lililotawaliwa na Firenze, kaya zilifika takriban 60,000, zenye watu zaidi ya robo milioni. Wawili hao waliziingiza katika kompyuta wakati ambapo wanahistoria wengi hawakuwa wameigusa mashine hiyo, na kitabu chao kikatoka Paris mwaka 1978. Humo mji wenyewe wa Firenze unaonekana ukiwa na wakazi chini ya 40,000, hata nusu ya waliokuwapo kabla ya tauni ya 1348 hawafiki. Kaya 100 tajiri zaidi zinashika zaidi ya robo ya mali yote ya mji. Wanaume wanaoa wakikaribia miaka 30, wasichana wanaolewa kwenye 18 au chini yake. Pengo hilo la umri linaeleza kwa nini mji ulijaa wajane. Hakuna makala ya miezi sita ambayo ingefika hapo, na sidhani hata Herlihy mwenyewe angefika bila ile miaka ya Pisa na Pistoia.

Wapo watakaosema daftari la kodi ni daftari la uongo. Ni kweli watu walidanganya, na wengi hawakujua umri wao: walioandikwa miaka 40 au 50 kamili ni wengi kupita kiasi, na watoto wa kike wamepungua isivyo kawaida. Lakini mtafiti aliyeizoea orodha huziona kasoro hizo na kuzitumia. Binti asiyeandikwa anatueleza jinsi baba yake alivyomthamini. Mgeni wa wiki mbili humezwa na uongo huo huo.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha: subira ni anasa ya vyuo tajiri, na mhadhiri wa Dodoma au Eldoret mwenye madarasa yaliyofurika hawezi kuingoja miaka kama kumi na miwili, kama waliyoitumia wawili hao. Hili halina jibu jepesi. Hata hivyo, kinachomnyima muda huo si umaskini peke yake. Ni pia kanuni ya kupandishwa cheo, na kanuni hiyo tumeiandika wenyewe, bila kulazimishwa na mfadhili yeyote. Tena data za Firenze ziliwekwa wazi baadaye ili wengine wazitumie, kwa hiyo jasho la wawili limewapunguzia wengi gharama. Zanzibar ina hati za wakfu na kumbukumbu za mahakama zinazongoja msomaji wa namna hiyo.

Kamati za kupandisha vyeo zianze kulipa uzito daftari lililosomwa nusu, orodha iliyonakiliwa, data iliyowekwa wazi kwa wengine. Nasi tunawaomba wasomaji wenye kazi za aina hiyo watuletee zikiwa bado hazijakamilika. Tutazichapisha hivyo hivyo.