Marejeo ni Ngamani

Wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Baharia hata azunguke vipi chomboni, akatoka nyuma akaenda mbele, hana budi kurudi katika ngama, pale ambapo maji yanayopenya mbao hukusanyika hadi yatekwe na kumwagwa nje. Nimeikumbuka methali hii kwa sababu neno marejeo ndilo tunalolibandika mwishoni mwa tasnifu zetu, aghalabu usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi. Maoni yangu ni kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeyafanya marejeo kuwa pambo la kurasa za mwisho, ilhali ndiyo ngama ya chombo chetu. Humo ndimo inamojulikana kama chombo kinavuja.

Fikra hii ilinijia wakati wa likizo. Binamu yangu anayesomea udaktari aliniomba nimsaidie kupanga marejeo ya mswada ambao yeye na wenzake walikusudia kuupeleka kwa jarida la tiba. "Wewe ni mtu wa lugha," akaniambia, "nukta na koma ni zako." Nilikubali nikidhani ni kazi ya saa moja. Ilinichukua siku tatu.

Majarida mengi ya tiba hufuata mtindo uitwao Vancouver. Chimbuko lake ni mkutano wa wahariri wachache uliofanyika katika mji huo wa Kanada mwaka 1978. Kabla ya hapo kila jarida lilikuwa na matakwa yake, na mwandishi aliyekataliwa na jarida moja alilazimika kuyapanga marejeo upya kwa ajili ya jingine. Katika mtindo huu, kila chanzo hupewa nambari kwa kufuata mahali kinapotajwa kwa mara ya kwanza, na hubaki na nambari hiyo kila kinaporudiwa. Jina la ukoo hutangulia, kisha herufi za mwanzo za majina mengine bila nukta. Waandishi wakizidi sita, sita wa kwanza hutajwa na waliosalia hujumlishwa kuwa wenzao. Jina la jarida hufupishwa kwa namna iliyokubaliwa. Ukikuta 1980;302(2):123, fahamu kuwa huo ni mwaka, juzuu, toleo na ukurasa. Nuktamkato, mabano na nuktapacha zote zina kazi. Ukihamisha aya moja kutoka mwisho wa mswada hadi mwanzo, nambari zote hubadilika.

Siku ya tatu nilikwama kwenye chanzo cha kumi na nne kwa kuwa hakikuwa na ukurasa. Nilipoomba nakala yake, hakuna hata mmoja wa waandishi aliyekuwa nayo. Walikuwa wamekinakili kutoka orodha ya makala nyingine. Tulipokipata, tuligundua kuwa utafiti huo ulifanyiwa watu wazima, ilhali mswada wao ulihusu watoto. Binamu yangu alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Lakini kila mtu hufanya hivyo."

Naam, na madhara yake yanajulikana. Nambari niliyoitaja hapo juu, 1980;302(2):123, si ya kubuni. Ni anwani ya barua fupi ya Jane Porter na Hershel Jick iliyochapishwa Januari 1980 katika New England Journal of Medicine. Barua hiyo yenye sentensi tano ilieleza kuwa miongoni mwa wagonjwa 11,882 waliopewa dawa kali za kutuliza maumivu hospitalini, ni wanne tu wasiokuwa na historia ya uraibu ambao rekodi zilionyesha kuwa walipata uraibu. Haikusema lolote kuhusu mgonjwa anayemeza dawa hizo nyumbani kwa miezi na miaka. Mnamo 2017 watafiti wa Kanada waliwafuatilia wote walioitaja. Walipata maandishi 608. Asilimia 72.2 yaliitumia kama ushahidi kuwa uraibu ni nadra, na asilimia 80.8 hayakusema kuwa wagonjwa hao walikuwa wamelazwa hospitalini. Watafiti hao walihitimisha kuwa urejelezi huu usio na uangalifu ulichangia janga la uraibu wa dawa hizo Amerika Kaskazini, kwa kuwa uliwaondolea madaktari hofu waliyostahili kuwa nayo.

Huenda msomaji akauliza: kama anwani ilikuwa sahihi na bado watu wakapotoka, basi nukta na mabano yana faida gani? Swali hili ni la haki. Jibu langu ni kwamba anwani sahihi ndiyo iliyowawezesha watafiti wa 2017 kurudi hadi kwenye barua yenyewe na kuisoma. Umbo la rejeo ni njia. Halimlazimishi mtu kuipita, lakini bila njia hata mwenye nia hafiki. Kosa hapa ni la wale waliomwonyesha msomaji njia ambayo wao wenyewe hawakuipita.

Sasa tujitazame sisi. Ni wangapi kati yetu tumedondoa maneno ya mtaalamu fulani wa isimu tukiyatoa katika tasnifu ya mwanafunzi mwingine, kisha tukakiorodhesha kitabu chake kana kwamba tulikifungua? Siku hizi pia kuna programu za akili unde ambazo zinaweza kukuundia kitabu kisichokuwapo, zikakipa mwandishi, mwaka na mchapishaji, na kila koma ikakaa mahali pake. Mhadhiri anayekagua koma pekee atakitunuku alama kitabu hicho.

Ningependa kutoa mapendekezo matatu. Kwanza, tunapokosa chanzo cha asili tuseme wazi kwamba mwandishi huyo amenukuliwa katika kazi ya mwingine. Si aibu kusema hivyo. Pili, wahadhiri wetu wachague marejeo matatu katika kila tasnifu na kumtaka mwanafunzi alete ukurasa alioutaja. Tatu, idara zetu zikubaliane kuhusu mtindo, kwani leo mmoja hutuambia tuandike "na wenzake", na mwingine hutukata alama kwa kukosa kuandika Kilatini. Tusijidharau pia, kwa maana mtindo wa madaktari unaruhusu makala iorodheshwe kwa kichwa cha lugha yake ya asili, jina la lugha hiyo likaandikwa mwishoni. Kiswahili nacho kina nafasi humo, mradi tuandike yanayostahili kurejelewa.

Binamu yangu na wenzake walikiondoa chanzo cha kumi na nne, pamoja na sentensi iliyokitegemea. Mswada ulipungua mistari miwili, nami nikaanza kupanga nambari upya kuanzia kumi na nne.