Usimwambie shosho "meza tu"

Wewe unayeishi na mgonjwa hapo nyumbani, mara ya mwisho ulimlisha lini bila simu mkononi?

Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea. Nilipoacha chuo kwa kukosa karo nilirudi kwa shosho Kayole. Alipopata kiharusi, kazi ya kumlisha ikawa yangu. Kwani nani mwingine alikuwa nyumbani mchana? Kila tonge la ugali alikohoa, nami nikafanya kile ambacho karibu kila mtu kwenye ploti angefanya: nikampa maji ya kusukuma chakula. Hazikupita wiki mbili tukarudi hospitali, ana nimonia. Nesi ndiye alinifungua macho: huenda yale maji yalikuwa yakiingia mapafuni.

Kiharusi, ugonjwa wa Parkinson, mtindio wa ubongo, hata ajali ya boda iliyoumiza kichwa, vyote vinaweza kuharibu kumeza. Maji na chai hukimbia. Koo lililolegea linapochelewa kufunga njia ya hewa, yameshapita. Na si lazima mtu akohoe, wengine hupaliwa kimya kimya. Kwa hivyo angalia dalili nyingine: sauti inayokuwa ya majimaji baada ya kula, chakula kinachobaki shavuni, homa na kifua vinavyorudi kila mara, au kukonda.

Sasa mezani. Mkalishe wima, si kwa kumwegemeza kitandani. Zima TV. Wewe pia keti, ili asilazimike kuinua kidevu kukutazama. Tumia kijiko cha chai, na usiongeze kingine kabla hajameza cha kwanza. Akichoka, pumzikeni. Akisinzia, usimlishe. Tafadhali, usimsukumie uji mdomoni kwa sindano. Akimaliza, akae wima nusu saa, kisha msafishe meno na ulimi, maana uchafu wa mdomoni ukiteremka mapafuni huleta maambukizi.

Chakula si lazima kiwe cha bei. Waru, malenge, ndizi na avocado hupondeka vizuri. Maharagwe yaponde, uyachuje maganda. Akiambiwa ale vilivyopondwa, jaza kijiko ukiinamishe: chakula kinafaa kuanguka chote kwa pamoja, kisigande wala kisichuruzike. Githeri, chapati kavu na supu yenye vipande viweke kando kwanza. Vinywaji navyo usivifanye vizito kwa kubahatisha, kwa sababu si kila mgonjwa anavihitaji na wengine huishia kukosa maji mwilini. Tembe pia usizisage kabla ya kumuuliza mfamasia.

Anayepima haya ni mtaalamu wa usemi, kwani kazi yake si kuongea tu, hushughulikia na kumeza. Ni wachache nchini, ila hospitali ya Kenyatta wapo. Omba rufaa.

Hospitali nazo zina deni letu. Mgonjwa wa kiharusi anafaa kupimwa kumeza kabla hajapewa hata kikombe cha chai, na jamaa waonyeshwe jinsi ya kumlisha kabla ya kwenda nyumbani. Karatasi ya dawa pekee haitoshi. Usitoke wodi kabla hujauliza: ale nini, anywe nini, akae vipi? Nesi akiwa mbioni, msubiri. Mimi sikuuliza, na aliyelipia kosa langu ni shosho.

Na nyinyi ndugu mnaotuma pesa kwa simu, asanteni, lakini njooni Jumapili moja mshike kijiko. Mlo mmoja unaweza kula dakika arobaini, mara tatu kwa siku, na anayelisha pia huchoka.

Siku hizi shosho anakula mezani pamoja nasi. Sahani yake ina waru na malenge vilivyopondwa, kila kimoja upande wake kama alivyotaka. Juzi alilalamika chumvi ni kidogo. Nilifurahi sana.